Uzito Ukiwa Tumboni: Namna ya Kuikagua Almasi ya Prinsesi Kabla Hujailipia

Malipo ya mnada wa korosho yalipoingia benki, vijana wengi wa mtaani kwetu walikimbilia bodaboda na mabati. Mpwa wangu, ambaye ana ekari za kutosha Newala, alikuja kwangu Shangani ya Mtwara jioni, akavua kandambili barazani, akanipa shikamoo, kisha akakaa kimya na simu mkononi. Nikajua kuna neno. Kwetu Wamakonde kijana haoi mjomba akiwa hana habari, kwa hiyo suala la posa halikunishtua. Kilichonishtua ni picha mbili alizonionyesha.

“Mjomba, anataka ya pembe nne,” alisema. “Ile ya prinsesi.”

Alinijia mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huo ujomba. Ya pili ni kwamba kabla sijarudi Mtwara nilifanya kazi miaka kadhaa Dar es Salaam kwenye duka la sonara, nikiandika vitabu vya hesabu. Mimi si fundi, na vito sikuvisomea. Lakini mtu anayeandika bei ya kila jiwe linaloingia na sababu ya kila jiwe linalorudishwa hujifunza mambo ambayo hayasemwi kaunta.

Picha zilitoka kwa muuzaji mmoja wa Dar. Jiwe la kwanza lilikuwa la karati 1.01, la pili karati 0.90. Yote mawili rangi G, usafi VS2, madaraja ambayo nitayaeleza mbele, na yote yana cheti cha maabara. La kwanza liliizidi bei ya la pili kwa hela ya kununulia pampu mbili za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Chini ya picha muuzaji alikuwa ameandika: ongeza kidogo bosi, upate karati nzima.

Nikamwambia aachane na picha, anisomee vipimo vilivyoandikwa kwenye vyeti: urefu, upana na kina. Alidhani namtania.

Jiwe lenyewe

Mkato wa prinsesi ukiutazama kwa juu ni mraba wenye kona nne kali. Ukiulaza ubavu unaona piramidi iliyopinduliwa, juu bapa, chini imechongoka. Kinachoutenga na mikato mingi ya mraba ni tumbo lake, ambalo limechongwa nyuso ndogondogo nyingi za kuurudisha mwanga juu, kwa mtindo wa almasi ya mviringo. Mikato hiyo ina ngazi ndefu zilizotulia kama kioo cha dirisha. Huu unametameta.

Si mkato wa kale. Sura tunayoijua leo ilikamilika karibu na mwaka 1980, ingawa jina lilikuwa limeshatumika London miaka ya 1960 kwa mkato mwingine kabisa. Na kwa kuwa watu hupenda kuniuliza: ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, ambayo John Williamson, mwenye mgodi, alimpa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 alipoolewa akiwa bado binti wa mfalme, haikukatwa hivi. Ilitoka ardhini Shinyanga ikiwa na karati 54.5, ikachongwa ya mviringo, ikabaki na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na vumbi.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyoizaa prinsesi. Almasi ghafi nzuri mara nyingi ina umbo la piramidi mbili zilizogusanishwa vitako. Fundi akiipasua katikati anapata vipande viwili, kila kimoja tayari kina mraba juu na ncha chini. Kutoa prinsesi humo hakupotezi sana, ila kutoa ya mviringo ni lazima kona zote ziliwe. Ndiyo maana prinsesi huuzwa nafuu kuliko ya mviringo ya uzito uleule na sifa zilezile. Hapo mnunuzi anafaidi kihalali, na mimi sina ugomvi na anayeichagua kwa sababu hiyo.

Mtego uko palepale penye faida. Almasi huuzwa kwa uzito. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, na bei ya kila karati huruka ghafla jiwe linapogusa namba nzuri kama 1.00 au 1.50 au 2.00. Fundi ameshika kipande ambacho akikichonga sawasawa kitatoka 0.90, na akikiachia tumbo nene kitatoka 1.01. Anajua kipi kitamlipa. Tumbo lenyewe litakaa chini, limezungukwa na dhahabu, na hakuna atakayeliona kidoleni.

Mtu wa kusini hili halihitaji kufundishwa, anahitaji kukumbushwa tu. Mnunuzi wa korosho ghafi haridhiki na mizani. Anachota sampuli, anakata korosho moja moja katikati, anatenga punje nzima na zilizosinyaa, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu, halafu anazipima zile nzuri. Jibu lake hulitaja kwa pauni za punje zinazopatikana katika kila kilo 80 za korosho ghafi. Magunia mawili yenye kilo sawa yanaweza kutoka moja pauni 53, jingine 45. Mizani imesema lile lile, kisu kimesema mengine. Almasi huwezi kuipitisha kisu, lakini vipimo vyake viko kwenye cheti, na kalamu unayo.

Basi mpwa wangu akasoma, mimi nikaandika nyuma ya karatasi ya stakabadhi ya ghala. Jiwe la karati 1.01: urefu milimita 5.30, upana 5.25, kina 4.38. Jiwe la karati 0.90: urefu 5.35, upana 5.30, kina 3.82.

Akanyamaza. Akairudia mwenyewe kuisoma. Jiwe jepesi ndilo lilikuwa kubwa kwa juu, kwa upande ambao dunia nzima itauona.

Gawanya kina kwa upana, uzidishe kwa mia. La kwanza linatoka asilimia 83, la pili asilimia 72. Ile karati nzima aliyokuwa anabembelezewa ilikuwa imejificha chini, kama mchanga kwenye kitako cha gunia. Hela ya pampu mbili ilikuwa ya kununulia tumbo.

Ipo hesabu nyingine ambayo masonara huitumia kukadiria uzito wa prinsesi iliyokwishafungwa kwenye pete: zidisha urefu, upana na kina kwa milimita, kisha zidisha na 0.0083. Ukiijaribu kwa mawe yetu mawili unapata 1.01 na 0.90, sawa na vyeti. Ikiwa jibu liko mbali na cheti, kipimo kimekosewa au jiwe ulilonalo silo lililoandikwa. Zirkonia, jiwe bandia linalouzwa sana kama almasi, ni zito zaidi ya mara moja na nusu ya almasi ya ukubwa uleule, kwa hiyo mizani midogo ya sonara humuumbua mwizi haraka.

Prinsesi ya karati moja iliyochongwa kwa haki huwa na upana wa milimita 5.5 hivi. Ya mviringo ya karati moja ni milimita 6.5 hivi. Usihuzunike kwa tofauti hiyo: ukiipima prinsesi kutoka kona hadi kona unapata karibu milimita 7.8, na jicho huwa linaifuata kona.

Mimi kwenye kina natafuta kati ya asilimia 68 na 75. Uso bapa wa juu nautaka uwe kati ya asilimia 65 na 75 ya upana, na nafurahi zaidi asilimia yake ikiwa ndogo kuliko ya kina. Kwa umbo, gawanya urefu kwa upana: ikiwa kati ya 1.00 na 1.05, macho yanaona mraba, na ikizidi hapo inaanza kuvuta kuwa mstatili, jambo ambalo si kosa kama ndilo unalotaka na bei imezingatia. Hizi si sheria za dini. Nimeona mawe yenye namba safi yakiwa yamepooza, kwa sababu namba mbili haziwezi kueleza mielekeo ya nyuso makumi kadhaa zilizo tumboni. Namba ni za kukataa. Jiwe lenye kina cha 83 unaliweka pembeni bila kupoteza muda. La 72 unaanza kulitazama.

Cheti kinasema nini, kinanyamazia nini

Kwanza, neno prinsesi unaweza usilione. Cheti cha GIA, Taasisi ya Jemolojia ya Marekani, huuita mkato huu “Square Modified Brilliant”, na kama umerefuka kidogo neno la kwanza huwa “Rectangular”. Mpwa wangu alitaka kumpigia muuzaji kumgombeza kwamba ameletewa kitu kingine. Nikamzuia.

La pili ndilo zito. Almasi ya mviringo isiyo na rangi hupewa na GIA daraja la mkato, yaani maabara yenyewe inasema jiwe hili limechongwa vizuri sana, vizuri, au hovyo. Kwenye vyeti vya prinsesi nilivyopitisha mikononi mwangu, mstari huo haupo. Kuna “Polish”, ambao ni ulaini wa nyuso baada ya kung’arishwa, na kuna “Symmetry”, ambao ni ulinganifu wa nyuso hizo. Muuzaji mwenye mdomo atakuonyesha “Excellent” mbili, yaani bora kabisa, na kukuacha uamini kwamba mkato umefaulu. Jiwe lenye tumbo la asilimia 83 linaweza kabisa kuzipata zote mbili. Ni shati lililopigwa pasi likanyooka, ila fundi hakupima mabega.

Kwa maneno mengine, cheti kimepima rangi, usafi na uzito kwa uangalifu mkubwa, kisha jambo linaloamua kama jiwe litang’aa au litakaa kama kipande cha chupa limeachwa mikononi mwa mnunuzi. Wengi hawajui kwamba wameachiwa.

Namba ya cheti iingize kwenye tovuti ya maabara husika uone kama taarifa zinafanana na karatasi. Hailipiwi. Kisha mwambie muuzaji akuonyeshe, kwa lenzi inayokuza mara kumi, namba hiyohiyo iliyochorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo mwembamba unaotenganisha juu na tumbo. Si kila jiwe lina mchoro huo, lakini cheti kikisema upo, basi uwepo. Na maabara zote hazina mkono mmoja. Rangi inayopewa G na maabara legevu inaweza kuwa H au I kwa maabara kali, kwa hiyo kulinganisha bei za mawe yenye vyeti vya maabara tofauti ni kama kulinganisha kangomba, kile kipimo cha bakuli cha walanguzi wa korosho, na kilo ya mizani.

Litoe nje ya duka

Taa za duka la sonara zimenunuliwa kwa kazi moja. Hata kokoto lililolowa linameremeta chini yake. Jua kali nalo si msaada. Ukiitoa almasi saa saba mchana ufukweni Shangani, itakuchanganya kwa cheche za rangi huku jiwe lenyewe likionekana jeusi. Kinachofaa ni kivuli chenye mwanga wa mbingu, chini ya mwembe au barazani mbali kidogo na ukuta. Hapo jiwe zuri linaendelea kung’aa, la hovyo linazima.

Lishike uso ukikutazama, kwa umbali wa kawaida wa mkono. Tazama katikati: je, panameta, au pana shimo la kijivu lisilobadilika hata ukilitikisa? Halafu nenda kona moja moja. Prinsesi nzuri ina mwanga hadi kwenye kona zote nne. Mbaya ina kona mbili zilizo hai na mbili zilizolala. Liinamishe polepole kushoto na kulia. Mwanga na giza vinatakiwa kupishana haraka, sehemu iliyokuwa nyeusi iwake na iliyowaka izime. Giza linalohama ni uhai wa jiwe, bila hilo lisingemeta. Giza linalokaa mahali pamoja ndilo unalolikimbia.

Kisha lishike juu tu ya mstari wa gazeti, uso ukikutazama. Ukiweza kufuata herufi kupitia katikati ya jiwe, mwanga unapitiliza chini badala ya kurudi. Hii hutokea zaidi kwa mawe mafupi, yaliyobanwa tumbo ili yaonekane mapana. Kwa hiyo usije ukafurahia kina kidogo kupita kiasi kwa sababu tu umesoma hapa ubaya wa kina kikubwa.

Ukiitazama prinsesi kwa lenzi utaona tumboni mistari inayofanana na tepe za V za sajenti zilizopangwa, ikielekea kwenye kila kona. Jiwe moja huwa nayo miwili, jingine mitatu au minne. Mistari michache hutoa mimuliko mikubwa na michache, mistari mingi hutoa cheche ndogondogo. Kwa jiwe dogo, chini ya nusu karati tuseme, mimi napendelea michache, maana cheche zikiwa ndogo mno jicho haliziokoti, linaona ukungu tu. Hapo ni macho yako na ya bibi harusi.

Kama unanunua kwa mbali, kama alivyokuwa akifanya mpwa wangu, picha moja haitoshi. Omba video ya jiwe likizungushwa dirishani bila taa, na nyingine ya ubavu. Muuzaji aliyekataa ya ubavu ameshajibu.

Kona nne

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mwenyewe.

Nilimnunulia mke wangu pete ya prinsesi iliyokuwa imefungwa tayari. Jiwe dogo, dhahabu ya njano, kucha nne nene zimeshika kona nne. Nilijiona mjanja kwa kuwa nilikuwa mtu wa duka. Miaka miwili baadaye kucha moja ililegea, nikaipeleka kwa fundi. Alipoifungua aliniita nitazame kwa lenzi. Kona ilikuwa imeng’oka, na ukingo wa pale palipovunjika ulikuwa umelainishwa. Haikuvunjikia kidoleni. Ilinunuliwa hivyo, na kucha ilikuwa nene kwa sababu ilikuwa na kazi ya kuficha. Aliyeniuzia hakukubali hata kuitazama. Sina risiti iliyoandika hali ya kona, nani anayo?

Watu husema almasi haivunjiki. Ni kweli kwamba hakuna jiwe la asili linaloweza kuikwaruza isipokuwa almasi nyingine, lakini kukwaruzika na kuvunjika ni mambo mawili. Almasi ina mielekeo minne ambamo chembe zake zimeshikana kwa ulegevu zaidi, na ukiigonga sawasawa na mwelekeo huo inapasuka kama kuni iliyofuatwa nyuzi. Mafundi wa kale waliitumia sifa hiyo kuipasua kwa bapa la chuma na kirungu. Kona ya prinsesi ni nyembamba na imetokeza. Ukiigonga kwenye kinu au kwenye mpini wa pampu ya kisima umeitafutia bahati mbaya.

Kwa hiyo likague jiwe kabla halijafungwa, lenzi mkononi, kona baada ya kona, juu na ubavuni. Nenda kiunoni pia: kikiwa chembamba kama wembe pale kwenye kona, ni hatari, na kikiwa kinene kupita kiasi ni uzito mwingine uliofichwa. Soma mchoro wa kasoro kwenye cheti kama upo. Ufa mdogo katikati ya jiwe huenda usikudhuru maisha yako yote. Ufa uleule ukiwa kwenye kona ni mlango uliokwisha funguliwa, na mimi nisingelichukua jiwe hilo hata kama daraja lake la usafi linapendeza.

Jiwe likishapita, mwambie fundi azifunge kona kwa kucha zenye umbo la V, zinazoikumbatia ncha kutoka pande mbili. Kucha za mviringo za kawaida zinashika lakini hazikingi. Kuzungushia jiwe lote ukingo wa dhahabu ni salama zaidi, ingawa bibi harusi wengi hawapendi kuona jiwe limevalishwa koti.

Rangi, usafi na mengine ya haraka

Rangi huanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye unjano au ukahawia wa wazi. Kwenye prinsesi unjano hukusanyika konani, kwa hiyo kunja karatasi nyeupe, liweke jiwe kwenye mkunjo, utazame kona kwa ubavu. Kama pete ni ya dhahabu ya njano, kulipia D au E ni kumwaga hela mchangani, kwani dhahabu yenyewe italipaka jiwe. H, I, hata J zinatosha. Kwa dhahabu nyeupe au platinamu nenda G au H.

Usafi nao watu huulipia kuliko inavyohitajika. Madaraja hupangwa kwa kutazama kwa lenzi ya mara kumi, lakini shemeji zako hawatakuja na lenzi. Kumetameta kwa mkato huu huficha madoa vizuri. VS2, daraja la kasoro ndogo sana, kwa kawaida jicho haliioni kasoro yake, na SI1 nyingi, zenye kasoro ndogo, pia ni hivyo, mradi doa lisiwe jeusi katikati ya uso. Hela utakayookoa hapa ipeleke kwenye mkato.

Kuna jambo la kung’aa kwa taa ya zambarau. Maduka mengi mjini yana ile mashine ya kukagua noti bandia. Weka jiwe chini yake na huenda likawaka buluu. Baadhi ya almasi huwaka hivyo na nyingine haziwaki, kwa hiyo si kipimo cha ukweli. Cheti huandika kiwango chake. Kikiwa hafifu sahau. Kikiwa kikali, litazame jiwe kivulini uone kama lina ukungu wa maziwa.

Kalamu za kupima almasi zinazotumiwa na masonara wengi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Zinamkamata zirkonia, lakini moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huzidanganya. Hiyo hutambulika kwa lenzi: ukilitazama jiwe kwa kuinamisha, mistari ya nyuso za nyuma inaonekana miwilimiwili, kama unaona kizunguzungu. Ndani ya almasi mstari ni mmoja.

Almasi ya maabara ni habari nyingine. Ni almasi kweli, kaboni ileile, ugumu uleule, na si jicho wala kalamu ya joto inayoweza kuitenga na iliyotoka ardhini. Inahitaji mitambo ya maabara. Bei yake ni ya chini sana, na kuiuza tena baadaye ni kazi. Sioni aibu kuinunua. Naona wizi ikiuzwa kwa bei ya iliyochimbwa, kwa hiyo neno hilo lidai kwa maandishi kwenye risiti: ya asili au ya maabara. Dai pia iandikwe kama jiwe limetobolewa kwa leza au nyufa zake zimejazwa kioo. Kioo hicho huonekana kwa lenzi kama mmweko wa zambarau au wa chungwa ndani ya ufa unapolizungusha jiwe, na moto wa fundi siku ya kurekebisha pete unaweza kukiharibu.

Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi, yenye uzito na namba ya cheti. Na yule kijana anayepita nyumba kwa nyumba na kokoto jeupe ndani ya karatasi ya sigara, akisema limevuka Ruvuma usiku, mpe maji ya kunywa aende zake. Mara nyingi ni kwatzi, jiwe la kawaida tu, na hata ingekuwa almasi, kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa kisheria, na almasi ghafi haivuki mpaka wa nchi bila cheti cha Mchakato wa Kimberley, utaratibu uliopo tangu mwaka 2003.

Swali la mwisho la mpwa wangu lilikuwa la mkulima: je, mtu anaweza kubangua korosho nayo kidoleni? Hapana. Mafuta ya maganda yanababua ngozi, achilia mbali pete. Halafu almasi hukataa maji lakini hupenda mafuta; migodini waliwahi kupaka meza grisi, wakapitisha mchanga na maji juu yake, mawe mengine yakasombwa na almasi zikanasa. Kwa hiyo mafuta ya nazi na losheni hunasa chini ya jiwe, na tumbo likichafuka prinsesi nzuri kuliko zote huonekana imekufa. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Ziba tundu la sinki kwanza.

Usiku uleule alimwandikia muuzaji kwamba analitaka la 0.90, na kwamba anaomba video ya ubavu wa kona zote nne. Jibu lilikawia siku mbili. Video ilipokuja tuliitazama barazani, tukaisimamisha kila kona, tukairudia. Kona zilikuwa nzima, kiuno sawa. Akatoa pumzi.

Nikamuuliza pete itengenezwe ya ukubwa gani.

Alitazama simu, akanitazama mimi.

“Mjomba,” alisema, “kidole sijakipima.”